Hakyanani: Haki ya Nani Hiyo?



Huku kwetu Shinyanga na Geita kuna neno moja linalotumika kuliko chumvi. Muuza mchele analo. Dereva wa bodaboda analo. Mchimbaji anayetoka duarani na vumbi la mawe kichwani analo. Fundi cherehani naye analo, tena analo kwa wingi. Neno lenyewe ni "hakyanani". Nyinyi wa visiwani mna dada yake mkubwa, "wallahi", na wapo wanaoyafunga yote mawili kwa pamoja: "Wallahi hakyanani!"

Sisi wanawake tunaouza nguo na kushona, ambao siku nzima tunasikia watu wakituapia na wakiapiana mbele yetu, tunaona umefika wakati wa kulizungumza jambo hili. Maneno haya yamekuwa mepesi mno midomoni. Na anayelipa gharama ya wepesi huo, mara nyingi, ni mwanamke: mnunuzi, mchumba, bibi harusi.

Neno lilikotoka

Tuanze na maana, maana wengi tunalisema bila kulitazama. "Hakyanani" ni "haki ya nani" iliyosemwa haraka. Na "haki ya nani" imekaa mahali pa "haki ya Mungu", ambacho ni kiapo kamili: mtu anaapa kwa haki ya Mola wake kwamba asemayo ni kweli. Sasa mtu alikuwa anataka kuapa, akaona uzito wa kulitaja jina la Mungu katika jambo dogo, au akaogopa kwa sababu hana hakika. Akafika njiani akageuza. Badala ya "Mungu" akatia "nani". Sauti ikabaki ya kiapo, mwapiwa akaondolewa.

Ukilitazama hivyo, neno linachekesha kidogo. Mtu anakwambia kwa macho makavu, "Haki ya nani, nitakulipa Jumamosi." Nawe ungekuwa na haki ya kumuuliza: ya nani hasa, ndugu yangu? Mbona hujamtaja?

Kiswahili chetu kimejaa maneno ya namna hii ambayo ndani yake mna jina la Mwenyezi Mungu, nasi tumesahau. Neno "simile", ambalo wachukuzi walilipaza kuomba njia katika vichochoro vyembamba, limetokana na "bismillahi". "Lahaula" tunayoiguta tukishtuka ni mwanzo wa dhikri ile kubwa ya kukiri kwamba hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Na "ewaa" je? Tunaisema mara ishirini kwa siku, hasa shoga anapopiga umbea ukafika patamu. Asili yake ni Kiarabu, "ndiyo, wallahi", yaani kuitikia kwa kiapo. Wazee walikuwa wakiitamka "ewallah" mbele ya mkubwa. Katika Surat Yunus, aya ya 53, Mtume wetu (S.A.W.) anaamrishwa kuwajibu wanaouliza kama adhabu ni kweli, na jibu linaanza kwa neno hilo hilo la "ndiyo" likifuatwa na kiapo kwa Mola. Basi "ewaa" ya kibarazani ina ukoo mkubwa kuliko tunavyodhani.

Haya hatuyataji ili tuanze kuogopa kufungua midomo. Tunayataja ili tujue kwamba maneno madogo yana asili, na asili hiyo ilikuwa na uzito.

Waingereza nao yaliwakuta

Jambo hili si la Waswahili peke yetu. Waliosoma Kiingereza cha zamani kidogo watakuwa wamekutana na neno "zounds". Siku hizi halisemwi na mtu, labda katika filamu za mapanga na farasi, kwa kuchekesha. Lakini lilikuwa kiapo kizito. Ni kifupi cha maneno yenye maana ya "vidonda vya Mungu", nao Wakristo wa huko walikusudia vidonda vya Yesu kwa imani yao. Watu waliogopa kulisema jina wazi, wakalikata kichwa, likabaki "zounds". Lipo na jingine, "marry", ambalo katika tamthilia za Shakespeare husemwa kama mshangao. Bibi harusi asidhani ni lile la kuoa! Hilo linatokana na jina la Bibi Maryam, mama yake Nabii Isa (A.S.). Watu walikuwa wakiapa kwake mpaka kiapo kikageuka "eti" tu ya mazungumzo.

Mwaka 1606 Uingereza ilitunga sheria ya kumtoza mchezaji wa jukwaani paundi 10 akilitaja jina la Mungu kwa mzaha. Tamthilia ya Othello ilipochapishwa mwaka 1622 ilikuwa na viapo vingi vya aina hiyo. Ilipochapishwa tena mwaka uliofuata, vingi vilikuwa vimeondolewa. Lakini sheria haikuweza kurudisha uzito ndani ya neno. Watu walikwisha kulizoea, na neno lililozoeleka halimtetemeshi mtu. "Zounds" lilianza kama kiapo cha kuogopesha, likawa neno la hasira, likawa la mshangao, mwisho likawa la mzaha, likafa.

Hiyo ndiyo njia ambayo "hakyanani" yetu inapita, na "wallahi" yetu inaburutwa kuifuata. Tofauti ni kwamba "wallahi" haiwezi kufa, kwa sababu jina lililomo ndani yake halifi. Kinachokufa ni heshima yetu kwa jina hilo.

"Lakini si mazoea tu?"

Tunajua wapo watakaosema tunakuza mambo. Na wana hoja, tuisikilize. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqarah, aya ya 225, ametuhakikishia kwamba hatushiki kwa viapo vya upuuzi, bali kwa kile kilichokusudiwa na nyoyo. Na Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba viapo hivyo ni kama vile mtu anavyosema katika mazungumzo, "la, wallahi", "ndiyo, wallahi", bila kukusudia kuapa. Basi mama anayesema "wallahi leo jua kali" hana deni. Alhamdulillah kwa wepesi wa dini yetu.

Na wapo watakaosema "hakyanani" ni bora, kwa kuwa jina la Mungu halimo. Hilo nalo lina ukweli. Kiapo katika sheria yetu ni kwa jina la Mwenyezi Mungu au sifa zake. Asiyetaja hivyo hakuapa. Aliyelianzisha neno hili huenda alikuwa na haya kuliko sisi tunaolirithi.

Lakini tazama linavyotumika. Hakuna anayesema "hakyanani" ili asiaminiwe. Analisema ili aliyeko mbele yake alegee: atoe pesa, atoe siku zake, atoe moyo wake. Anataka nguvu ya kiapo bila deni la kiapo. Kisheria kiapo hakimo, lakini uongo ukiwemo, umo wote. Na uongo haukuhitaji kiapo ili uwe dhambi.

Tena aya iliyotangulia ile ya upuuzi, ya 224, inatukataza kulifanya jina la Mwenyezi Mungu kuwa kitu cha kuapia apia hovyo. Na aya ya 89 ya Surat al-Maida, baada ya kueleza kafara, inatuamrisha tuvihifadhi viapo vyetu. Kitu kinachohifadhiwa ni kitu cha thamani. Hakuna anayeweka dhahabu yake barazani.

Lingine ni viapo vya "haki ya mama yangu", "naapa kwa kaburi la baba", "haki ya mtoto wangu huyu". Hivi ni vibaya zaidi. Sayyidna Umar (R.A.) aliwahi kusikiwa na Mtume (S.A.W.) akiapa kwa baba yake, naye akakatazwa: mwenye kuapa na aape kwa Mwenyezi Mungu, au anyamaze. Sayyidna Umar hakurudia tena. Tuangalie neno "anyamaze" hapo. Kunyamaza nako ni njia.

Sokoni: kiapo kinauza, baraka inaondoka

Sasa twende kwenye biashara, maana huko ndiko tunakokula.

Mtume wetu (S.A.W.), ambaye naye alifanya biashara, ametufundisha katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba kiapo huifanya bidhaa itoke, lakini hufuta baraka. Hakusema kiapo hakiuzi. Kinauza! Ndiyo maana watu wanakipenda. Lakini pesa inayoingia kwa mlango huo hutoka bila kuaga. Na katika hadithi nyingine iliyopokewa na Muslim, mwenye kuipamba bidhaa yake kwa kiapo cha uongo ametajwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemesha Siku ya Kiyama. Jamani, kwa ajili ya dera moja?

Ukipita Kahama, Katoro au Shinyanga mjini utasikia: "Wallahi sipati faida hata mia." Dada, kama hupati faida unafanya nini juani tangu asubuhi? Faida ni halali. Kwa nini uifiche kwa jina la Mola aliyeihalalisha? Sema tu, "Bei yangu ni hii, siwezi kushuka." Imeisha. Mteja akiondoka ni riziki haikuwa yako.

Utasikia pia: "Hakyanani hii ni hariri." Sisi wa cherehani tunajua kitambaa hakihitaji kiapo. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome kwa kiberiti. Hariri ya kweli hunuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hujikunja, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Kitenge cha wax, kigeuze: rangi zipo pande zote mbili. Uzi wenyewe husema, wala hauapi. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayeapa sana ametukumbusha kitu: huenda bidhaa yake haiwezi kujisemea.

Na kwa kuwa tunaishi kwenye ukanda wa dhahabu, tuseme na la dhahabu, maana bibi harusi wengi huletewa ya mahari au ya zawadi. Usipokee pete kwa "wallahi ni dhahabu tupu". Dhahabu safi ni karati 24, na kwa mapambo huchanganywa na madini mengine ili iwe ngumu. Karati 22 hugongwa alama ya 916, karati 21 alama ya 875, karati 18 alama ya 750. Maana yake ni sehemu ngapi za dhahabu katika kila 1,000. Tazama alama, kisha nenda kwa sonara unayemwamini akaipime, maana hata alama huweza kugongwa na mwongo. Hapo hujamvunjia mtu heshima. Mkweli hufurahi kupimwa.

Wachimbaji wa huku wanalijua hili kuliko wote. Miaka mingi dhahabu iliuzwa uchochoroni, mdomo kwa mdomo, na mchimbaji aliyefukua kwa jasho akaapiwa kwamba kipande chake ni chepesi. Mwaka 2019 masoko ya madini yalianza kufunguliwa mikoani, na la Geita lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Pale kuna mizani, kuna kupima ubora, kuna stakabadhi. Faida ya mizani ni moja: haiapi. Inasema uzito na kunyamaza. Nasi wanawake wa biashara tungependa kuwa kama mizani.

Fundi na nguo ya harusi

Mafundi tunasifika vibaya kwa "njoo kesho". Bibi harusi anakuja Jumatatu, anaambiwa, "Wallahi Alhamisi unachukua." Alhamisi anaambiwa, "Hakyanani vimebaki vifungo tu," kumbe kitambaa bado hakijakatwa. Ndoa ni Ijumaa baada ya swala. Somo wake yuko nyumbani anamsubiri, wifi wanapiga simu, yeye yuko kibarazani kwa fundi analia na hina mkononi haijakauka. Siku hiyo haitarudi tena katika maisha yake.

Mwenyezi Mungu katika Surat al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, ametukataza kusema "nitalifanya kesho" bila kusema inshallah. Na ametusahilishia: mwenye kuapa akaambatanisha inshallah, kiapo kisipotimia hana kafara. Lakini dada zetu, inshallah si mlango wa nyuma wa kutorokea. Inshallah ni ya mtu aliyekwisha kukata kitambaa, ametia uzi kwenye sindano, anakiri tu kwamba umeme na uhai viko mikononi mwa Mola. Anayesema inshallah huku akijua hana nia, amelidhulumu neno zuri kuliko yote.

Badala ya kuapa, tunashauri kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi fundi na mteja waandike: vipimo, aina ya kitambaa, tarehe ya kujaribu, tarehe ya kuchukua, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki. Nakala mbili, kila mtu na yake. Na bibi harusi, weka tarehe ya kuchukua siku 7 kabla ya ndoa, si siku moja. Karatasi ya shilingi chache inakuepusha na viapo vya fundi na na machozi yako mwenyewe.

Uchumbani: atume wazee

Tumefika kwenye lile linalotuuma zaidi.

Kwenye machimbo kuna vijana wengi waliotoka mbali, na kuna wasichana wengi wanaopika, wanaouza maji, wanaouza nguo. Maisha ya duara ni ya kusubiri: leo hakuna, kesho hakuna, siku moja duara linatema. Na kiapo cha huko ni kimoja: "Duara likitema, hakyanani nakuoa." Msichana anasubiri. Anampikia kwa mkopo. Anamfulia. Wengine wanampa mtaji wao mdogo akanunue vifaa. Duara likitema kijana anahamia machimbo mengine, na lisipotema anahama vile vile.

Sisi tunaoshona tunaona mwisho wake. Wapo wasichana wanaokuja kulipia shela nusu kwa furaha, mkono ukitetemeka wakati wa kuchagua lesi. Miezi inapita. Kisha wanarudi, wamejifunika mtandio mpaka machoni, wanauliza kwa sauti ya chini kama ile nusu yaweza kurudi. Hakuna anayeandika habari za shela hizi. Hakuna kesi, kwa sababu hakuna shahidi. Kilichokuwepo ni neno tu, tena neno lisilosema ni haki ya nani.

Sasa, dada, tufikirie jambo hili pamoja. Mkataba mzito kuliko yote utakaoingia na mwanamume ni ndoa. Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nisaa, aya ya 21, ameiita ahadi nzito. Je, ndani ya akdi kuna "wallahi"? Haimo. Kuna walii wako, kuna mashahidi wawili, kuna mahari yako, na kuna maneno mafupi: huyu anasema nimekuozesha, yule anasema nimekubali. Haapi mtu. Hakuna anayepiga kifua wala kunyoosha kidole juu. Jambo kubwa limefanywa kwa maneno madogo, kwa kuwa limefanywa mbele ya watu.

Basi kijana anayetaka kukuoa hana haja ya kuapa usiku kwenye simu. Ana haja ya kutuma wazee mchana kwenu. Hana pesa? Aje hivyo hivyo aseme kwa baba, kwa kaka, kwa mjomba, kwamba nia ipo na uwezo bado. Mahari ni haki yako, na dini haikuweka kima cha kumzuia maskini. Lakini anayeweza kukuapia mara 100 na hawezi kumleta shangazi yake mara 1, amekwisha kukujibu.

Ukiona tunawasema wanaume tu, tusikilize na hili. Hayati Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikatoka mwaka 1969. Mwishoni mwake mna waume wawili waliopewa pete na wake zao wakaapa kutozivua maisha. Haukupita muda wakazitoa. Kumbe waliozichukua ni wake zao wenyewe, waliojigeuza sura. Watu hucheka sana hapo. Lakini walioapa hawakuwa watu wabaya, na walipoapa walikuwa wakweli. Kilichowashinda ni kuapa kuliko uwezo wao. Hata sisi wanawake tunaapa hivyo kwa hasira: "Wallahi sikanyagi tena kwa wifi yangu." "Wallahi simsemeshi." Tumejifunga kamba wenyewe, tena kamba ya kukata udugu. Kiapo cha namna hiyo dini inatuelekeza tukivunje, tufanye lililo bora, kisha tutoe kafara.

Ukishaapa, lipa

Na kafara wengi tunaisahau. Aliyeapa kwa kukusudia kwamba atafanya jambo au hatalifanya, kisha akaenda kinyume, kafara yake imetajwa katika Surat al-Maida, aya ya 89: kulisha masikini 10 kwa chakula cha wastani unacholisha watu wako, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza ndiye anayefunga siku 3. Wengi wetu hukimbilia kufunga moja kwa moja, ilhali tuna uwezo wa kulisha. Kufunga ni kwa asiyeweza.

Ama mwenye kuapa kwa jambo lililopita huku akijua anasema uongo, kiapo hicho kimehesabiwa na Mtume (S.A.W.) pamoja na madhambi makubwa, pamoja na shirki na kuua. Kwa Kiarabu kinaitwa kwa jina lenye maana ya kuzamisha, kwa sababu kinamzamisha mwenyewe. Huyo ana toba ya kweli ya kufanya, na kurudisha haki ya aliyemdhulumu. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, ana kafara juu yake pia.

Tumeipenda sana ile kafara ya kuvisha. Fikiria: neno lililotoka ovyo mdomoni linageuka nguo kwenye mwili wa masikini 10. Kila "wallahi" iliyovunjwa ingelipwa hivyo, soko zima la Kahama lisingekuwa na mtoto aliyechanikiwa na shati. Na pengine tungepunguza kuapa tukiona gharama ya kitambaa.

Tunachoomba

Hatusemi bibi akiguta "Lahaula!" aambiwe anyamaze. Hapana. Lahaula, subhanallah, mashallah, alhamdulillah, hizo ni dhikri, ziongezeke. Wala hatusemi kiapo kifutwe. Kiapo kina mahali pake. Mahakamani shahidi hupewa nafasi yake ya kuapa au kuthibitisha. Tarehe 19 Machi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa kisiwani, aliapishwa akiwa ameshika Msahafu, na nchi nzima ilinyamaza kusikiliza. Hapo ndipo pa kiapo: pazito, mbele ya watu, mara moja.

Tunachoomba ni kitu kidogo. Kwa siku 7 tu, muuzaji auze bila "wallahi", fundi aahidi bila "hakyanani", mama amwambie mtoto "nitakununulia viatu" bila kuapa, kisha anunue. Watoto wanatusikia. Mtoto anayekua akiona mama anaapa ndipo anapoaminiwa, atajua kwamba neno tupu la mama halina kitu.

Na ukiulizwa, "Mbona huapi, unatudanganya?" jibu kwa upole: "Nimekwisha sema." Mara ya kwanza watakucheka. Baada ya muda watasema, yule dada akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Hilo ndilo jina ambalo tangazo haliwezi kukununulia. Ahadi ni deni, na muungwana ni kitendo.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, abariki mikono yetu na mitaji yetu, awape mabinti zetu waume wakweli wanaobisha hodi mchana, na awajaalie bibi harusi wetu nyumba ambazo "ndiyo" yake inatosha kuwa ndiyo. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.